Mke Wangu Amekuwa Asistanti, Sasa Anataka Niwe Mwanafunzi Wake

(Mwenye barua hii ameomba tufiche jina lake. Ameeleza hivi.)

Mimi ni baba wa miaka arobaini na tisa, karani wa bandari hapa Kalemie, nina mke na watoto wanne. Kabla hamjaanza kunihukumu, niwaambie kwamba mke wangu hajanisaliti na wala mimi sijarogwa. Nina wivu tu. Umenikaa kooni mpaka ugali haupiti, na kwa umri huu naona haya kuwaambia rafiki zangu, maana watanicheka mpaka mwaka mwingine.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kitinda mimba wetu alipoanza darasa la kwanza, akaniambia anataka kwenda chuo kikuu Lubumbashi kusoma historia. Nilikubali mbele ya ndugu zake, tena kwa sauti kubwa, nikasifiwa kuwa mume mwenye akili wazi. Ukweli ni kwamba nilidhani atashindwa mwaka wa kwanza na kurudi. Hakushindwa. Watoto tukabaki nao mimi na mama yangu, na yeye kila likizo kubwa alishuka kwenye treni amekonda, mkoba umejaa vitabu. Namuuliza habari za safari, yeye ananijibu habari za wafalme wa Waluba.

Kuna jambo lazima mlijue. Nilipokuwa kijana nilisoma mwaka wa kwanza katika chuo hichohicho, historia hiyohiyo. Sikuumaliza. Baba alifariki, nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu, nikapata kazi bandarini, na maisha yakaishia hapo. Kwa hiyo mke wangu akitaja jina la profesa fulani ambaye bado anafundisha, mimi namfahamu, nakumbuka hata anavyokohoa. Yeye anaendelea kusimulia kwa furaha, na mimi natamani anyamaze.

Mwaka huu amemaliza lisansi, yaani shahada yake. Mnajua desturi yetu: siku ya kusoma matokeo, mtu wako akifaulu unammwagia poda kichwani na kumtandikia vitenge chini akanyage kama malkia. Nilinunua kitenge kipya na poda, nikapanda treni. Treni ikakwama Kabalo, kama tabia yake, nikafika chuoni sherehe imeshaanza. Mke wangu alikuwa mweupe kichwa kizima, anakanyaga vitenge vya watu, na aliyekuwa akiinama kumtandikia ni mwanaume mmoja mwenye mvi, mkuu wa shule kutoka Likasi ambaye naye alirudi kusoma ukubwani. Walikuwa wanacheka. Mimi kucheka vile na mke wangu sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Aliponiona akanikimbilia.

"Papa, niliwakataza kunipaka ku uso. Niliwaambia uso njo wa bwana yangu. Umeleta poda?"

Nikamjibu sikuleta. Poda ilikuwa mfukoni mwangu, na kitenge nilikuwa nimekibana kwapani ndani ya mfuko wa karatasi. Akasema si kitu, akanishika mkono, akanipeleka kwa yule mwanaume. Naye akanisalimia kwa heshima zote. "Papa, karibu sana. Mama alikuwa anatuhadisia habari yako kila siku." Sikumpenda hata kidogo, na kosa lake sikuliona.

Haikuishia hapo. Kwa kuwa alifaulu vizuri, chuo kimemchagua abaki kuwa asistanti, afundishe huku akijiandaa kupanda ngazi. Lakini mwanamke aliyeolewa haajiriwi bila ruhusa ya mume kwa maandishi. Basi amerudi Kalemie na karatasi, akaiweka mezani tulipomaliza kula.

"Papa, weka sahihi. Halafu kuko kitu kingine, usikasirike. Na wewe ujiandikishe."

"Nijiandikishe wapi?"

"Ku chuo. Mwaka wa kwanza. Wewe haukushindwa, ni kifo tu kilikurudisha. Kazi ya ukarani hata kule iko."

Nikamuuliza ni nani anayewafundisha mazoezi wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaanza kukusanya sahani.

"Sisi maasistanti," akasema.

"Kwa hiyo nitakuita Situayeni Asistanti?" nikasema, maana situayeni, yaani raia, ndivyo serikali inavyotutaka tuitane.

"Mu darasa tu. Ku nyumba utaniita vile unaniitaka siku zote."

Alisema kwa upendo, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Angenidharau, ningejua la kumjibu. Sasa ananihurumia, ananishika mkono kuelekea kwenye benchi nililoliacha nikiwa kijana, na yeye amesimama mbele na chaki.

Treni yake inaondoka wiki hii na sijatia sahihi. Nikitia na kubaki hapa, ataishi na vitabu vyake na wenzake wa kucheka nao, na mimi nitakoroga uji wa watoto. Nikimfuata, nitakaa na vijana wa umri wa mwanangu, na mke wangu atasahihisha kazi zangu kwa wino mwekundu, na kama nimekosea atasema nimekosea.

Nikikataa, namjua, hatapiga kelele wala kwenda kwao. Ataomba kurudishwa shule ya msingi, ataingia jikoni, na atanipa chakula cha moto kila siku mpaka tuzeeke, bila kunitajia chuo tena. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Naona aibu kuandika kwamba kila nikiliwaza, moyo wangu unatulia na hata ugali unapita.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nifanye nini? Nishaurini haraka, kabla sijakataa.