Kihispania cha Mezani

"Hebu niambie, Kapteni, nani huyo aliyekaa akaupima mkate akaona ni dume?"

Fundi aliuliza huku amekunja uso, suruali ya mteja bado iko chini ya sindano ya cherehani. Kapteni alicheka. Kapteni mwenyewe hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Mtaa ulimbandika jina hilo kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye meli za watalii, akihudumia meza. Kihispania chake alikiokota huko huko, kati ya jiko na wateja.

"Mkate ni el pan, dume. Nyama ni la carne, jike. Usiniulize sababu, mama. Wateja walikuwa na njaa, nami sikuuliza."

Basi fundi akameza hivyo hivyo. Angefanyaje? Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta maisha ng'ambo, akaoa huko, akafia kwenye jengo alilokuwa akijenga. Akaacha binti mmoja, na binti huyo hajui lugha nyingine ila Kihispania. Kila Jumapili mkwe alipiga simu ya video, bibi na mjukuu wakabaki wanatazamana na kupungiana mikono, basi. Fundi alikuwa akilia kila simu ikikatwa. Huyo mtoto ndiye aliyebaki wa mwanawe, na akimpotea huyo hana tena mtu duniani.

Alijikaza kisabuni. Tengo hambre, nina njaa. Quiero sopa, nataka supu. Me gusta el pescado, na hapo Kapteni akamweleza kwamba wenzetu wale hawasemi napenda samaki, wanasema samaki ananipendeza. "Loo! Kazi yote kaachiwa samaki," fundi akasema, wakacheka mpaka uzi ukakatika.

Jumapili ya kwanza alipouliza "¿Qué comes?", yaani unakula nini, mtoto alipiga kelele za furaha. "¡Pan, abuela!" Abuela ni bibi. Fundi alijiona kama kapewa mwana upya. Tangu siku hiyo mazungumzo yao yakawa ni hayo, mwaka baada ya mwaka. Na kwani bibi amuulize nini mjukuu wa mbali, kama si kumuuliza kama amekula?

Mtoto akaingia usichana, majibu yakawa mafupi. Mabega yakaanza kuchongoka ndani ya fulana. Fundi akaona mtoto anakonda, na bibi gani anaona hivyo akanyamaza? Akazidisha. "¡Come, come!" alimhimiza kwenye simu, kula, kula, huku akijipeleka mkono mdomoni ili aeleweke vizuri. Msichana aliinamisha macho.

Kisha akapiga simu mtu aliyekuwa rafiki wa marehemu kule ng'ambo, katumwa na mkwe.

"Mama, binti yuko hospitali. Anajinyima chakula, ni ugonjwa, umemkamata muda sasa. Daktari kasema mtu asimtajie kula hata kidogo, maana kila akitajiwa anazidi kukataa. Shemeji ananiomba nikuambie, kwa heshima zote, hasa wewe."

Fundi alikwenda kwa Kapteni hata kanga hakuifunga vizuri.

"Nipe maneno mengine! Nipe nakuwaza. Nipe usife, mwanangu, usiniache."

Kapteni alitazama sakafu. "Mama, mimi nilikuwa mezani tu. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo."

Fundi akamrudia yule rafiki, naye akamtajia sentensi mbili tatu kwenye simu. Alizikariri wiki nzima akishona.

Jumapili mkwe aliishika simu kando ya kitanda. Mashavu ya msichana yalikuwa yamebonyea, mrija umepita puani. Fundi akazisema sentensi zake zote bila kukosea. Msichana akaanza kulia, akasema maneno mengi, marefu, ya haraka, kisha akauliza kitu akangoja jibu. Fundi hakuambulia kitu. Kila neno alilobaki nalo lilikuwa la chakula. Machozi yakamtiririka.

Msichana alipoona bibi yake analia, alijifuta uso upesi. Akalazimisha tabasamu, akasema polepole, kwa maneno mepesi ili bibi aelewe:

"Como, abuela. Como arroz. Como carne. Como mucho."

Nakula, bibi. Nakula wali. Nakula nyama. Nakula sana.

Nyuma yake mkwe alikuwa amegeukia ukutani. Fundi alielewa kila neno, na alijua hakuna hata moja la kweli. Akamwitikia kwa kichwa, akacheka kwa sauti, maana ndicho mtoto alichokuwa akikingoja, akaendelea kucheka mpaka simu ikakatwa.