Mume wa Lugoba Aliyemnyima Binti Yangu Viza

Binti yangu ana mume Lugoba.

Mume huyo hana jina wala sura. Harusi haikupigwa, mahari hayakuletwa, shekhe hakuitwa. Lakini nchi moja ya Ulaya imeandika kwenye karatasi yenye nembo kwamba Taghreed Yousuf ni mke wa mtu, anaishi Lugoba, na kwa hiyo viza hapati.

Mnaoona nachekesha, mimi mwenyewe siku ile sikucheka.

Naitwa Miza. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nikikosea mahali nisameheni, shikeni maana. Nawaandikia kina mama wenzangu, hasa nyie wenye midomo ya kulinda watoto kama mimi.

Sisi ni watu wa Mlingotini, Bagamoyo. Kazi yangu ni mwani. Tunaupanda baharini, tunauvuna, tunauanika kwenye chanja. Baba yake Taghreed alishatangulia mbele ya haki, tumebaki mimi na yeye.

Taghreed ana miaka ishirini na minne. Alisoma chuo, mambo ya samaki na mazao ya bahari, akarudi hapa hapa kijijini akatufundisha kutengeneza sabuni na unga wa mwani. Kuna watu wa shirika wakaja, wakaona kazi yake, wakaondoka. Baada ya miezi ikaja barua. Wanamwita kwao Ulaya miezi sita akajifunze zaidi. Tiketi juu yao, malazi juu yao, chakula juu yao.

Kilichobaki ni viza.

"Mama, viza tu," aliniambia.

Viza tu! Mtoto hajui anachokisema.

Sasa nieleze kitu ambacho watu wa pwani mtanielewa haraka. Safari haitangazwi. Mkubwa wako anakufundisha hivyo tangu mdogo. Ukitaka kusafiri, funga mdomo mpaka uwe umefika. Kuna kijicho, kuna husda, kuna watu wakikutazama tu mguu unavimba.

Na mimi nilishaona kwa macho yangu. Nasser, kijana wa hapa hapa, aliaga kijiji kizima kwamba anakwenda Qatar. Mpaka mbuzi akachinjwa. Wiki ya pili yake akaanguka na baiskeli akavunjika mguu. Leo yupo kituoni anauza vocha.

Nikamwambia Taghreed, "Asijue mtu."

Akasema, "Mama, karne hii?"

"Asijue mtu!"

Basi tukaanza mahangaiko kimya kimya. Fomu ilijazwa stationery ya mjini Bagamoyo, saa tatu nzima. Ile fomu inauliza mambo mpaka unaona aibu. Imemuuliza kama amewahi kushiriki ugaidi. Taghreed! Mtoto akisikia kuku anakamatwa anaziba masikio!

Picha ikarudishwa, mtandio umetia kivuli shavuni. Akapiga nyingine, ikarudishwa, ametabasamu. Karatasi ya benki ikarudishwa, haina muhuri. Ilipopata muhuri, ikawa imepitwa na tarehe. Kila wakirudisha kitu ni safari ya Dar, na siku ya pili safari ya Dar.

Mwishowe akahamia Bunju kwa mdogo wangu, awe karibu. Akachukuliwa alama za vidole, akaambiwa asubiri.

Huku kijijini sasa maswali. "Taghreed haonekani." "Taghreed yuko wapi?"

Wa kwanza kuuliza ni Ashura. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na chanja zetu zinafuatana. Ana macho makali, hakuna kinachompita.

Nikasema, "Yupo Chalinze kwa shangazi yake."

Wiki mbili zikapita, wakauliza tena. Shangazi gani asiyeshiba kumwona mtoto? Nikaona uongo wa kwanza umechakaa, nikashona mpya.

Nikasema ameposwa. Nani kamposa? Mtu wa Lugoba, ana duka la vifaa vya ujenzi. Nikafikiria mbali kabisa: akishapanda ndege miezi sita, watu nitawaambia nini? Bora awe kwa mumewe. Mtu aliyeolewa haulizwi yuko wapi.

Ili mambo yashike, nikapika pilau. Nikapakua sahani, nikafunika kwa kawa, nikagawa nyumba kwa nyumba. "Jamani, Taghreed wangu tumemwoza. Ndoa ya kimya kimya, upande wa mume wana msiba, hawakutaka shamrashamra." Sahani moja nikaipeleka mpaka kwa mtendaji wa kijiji, kijana anaitwa Mwinyijuma.

Watu wakala, wakashukuru. Hongera nyingi. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Taghreed mwenyewe sikumwambia. Alijua ya Chalinze tu.

Jioni moja akanipigia kutoka Bunju. "Mama, kwenye fomu nimeandika namba yako. Ubalozi wanaweza kukupigia kuhakikisha."

"Mimi Kizungu sikijui!"

"Wakipiga, jibu tu mama. Sema ukweli, basi."

Siku zile zote nikawa nafanya mazoezi. Yesi. Yesi, ai mama. Nilikuwa najisemea mwenyewe huku nafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kichwani nilishamwona huyo Mzungu, mrefu, ana tai, ananiongelea puani.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja nipo kwenye chanja nageuza mwani. Ashura yupo chanja ya pili, hatua kama kumi. Simu ikaita. Simu yangu hii ina sauti kama kipaza cha mnadani, ukipigiwa wewe anasikia na mwenzio.

"Habari za asubuhi mama. Naongea na Bi Miza?"

Sauti ya dada, Kiswahili safi.

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Teddy, napiga kutoka ubalozini, Dar es Salaam. Nina maswali mawili matatu kuhusu binti yako Taghreed."

Jamani! Mimi nilikuwa namsubiri Mzungu! Huyu Teddy anayeongea kama dada wa mtaa wa pili ametoka wapi? Na neno ubalozi limetoka kwenye simu kama limepigiwa tarumbeta, Ashura kanyanyua kichwa.

Nikajua papo hapo. Siri imevuja. Hawa ni watu wamepanga wanichimbe. Na kama si hao, basi ni matapeli wa simu, wale wa tuma pesa kwenye namba hii.

"Ubalozi gani mwanangu? Sisi hatuna safari."

"Taghreed Yousuf ni binti yako?"

"Nimemzaa mwenyewe."

"Kwa sasa yupo wapi?"

Ashura amesimama, mwani mkononi, ananitazama. Ningesema nini?

"Yupo kwa mumewe. Lugoba."

Nikasikia vidole vinagonga gonga kwenye kompyuta.

"Ameolewa, mama?"

"Kaolewa mwezi wa nane. Pilau tumekula."

"Na safari ya mafunzo ya miezi sita, unaifahamu?"

"Wewe dada, tafuta kazi nyingine. Hapa umegonga mwamba!"

Nikakata. Nikaifunga simu kwenye pindo la kanga kama nimeshinda vita.

Ashura akasogea. "Mama Taghreed, yule dada alikuwa anaongea kistaarabu. Ungempigia tena ukamsikiliza."

"Simu yangu, vocha yangu. Sikio lako linatafuta nini huku?"

Akarudi kwenye chanja yake. Na mimi Taghreed sikumwambia, nisimtie hofu bure.

Siku ya tisa Taghreed akapiga. Halii, ananong'ona tu.

"Mama, wamenikatalia."

Sikuuliza sababu. Sababu niliijua! Nilitoka na kanga moja, viatu sikuvaa, mpaka mlangoni kwa Ashura.

"Umefurahi sasa? Umefurahi? Pika basi ubwabwa ule, mwanangu hasafiri tena!"

Ashura alikuwa anachambua mchele. "Mama Taghreed, una homa?"

"Homa unayo wewe na macho yako! Tangu mtoto aanze mambo yake unamchungulia kama paka kwenye dagaa!"

Majirani wakajaa. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma. Ashura aliweka ungo chini, akaingia ndani.

Nikarudi kwangu nimeridhika.

Alasiri Taghreed akafika. Macho mekundu. "Shikamoo mama." Akakaa kwenye mkeka, akatoa ile karatasi.

"Nisomee," nikamwambia. "Wanasemaje hao?"

"Wanasema nimewadanganya." Akaanza kunigeuzia kwa Kiswahili, polepole. "Mwombaji amejaza kuwa hajaolewa. Mtu wake wa karibu, aliyetajwa na mwombaji mwenyewe, ameeleza kwa simu kuwa mwombaji ameolewa mwezi wa nane na anaishi na mumewe Lugoba. Mtu huyo pia amesema haifahamu safari."

Akaishusha karatasi.

"Mama, mtu wa karibu ni nani?"

Nikaanza kunyoosha pindo la mkeka.

"Mama. Lugoba kuna nani?"

Nikamweleza yote. Shangazi, posa, duka la vifaa vya ujenzi, pilau. Nilipofika kwenye simu ya Teddy alifunika uso kwa viganja.

"Mama umenichoma," akasema. "Dunia nzima nilikuwa nawaogopa wao. Umenichoma wewe!"

Mtoto wangu hajawahi kunipandishia sauti. Siku ile alipandisha.

Kesho yake akawaandikia ubalozi. Wakamjibu kwamba anaweza kuomba upya, ila alete barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha hajaolewa. Mafunzo yanaanza baada ya siku kumi na mbili.

Nikasema hilo dogo, Mwinyijuma ni kijana wetu. Tukaenda ofisini.

"Shikamoo Bi Miza."

"Marahaba baba. Tunataka barua, huyu Taghreed hajaolewa."

Mwinyijuma akamtazama Taghreed, akanitazama mimi, akaweka kalamu mezani.

"Bi Miza, ile sahani ya pilau niliila kwa mkono huu huu. Leo nipige muhuri kwamba hakuna ndoa?"

"Ilikuwa maneno tu, baba."

"Maneno na nyama ndani? Kijiji kizima kimekula. Kesho akitokea mwanamume wa Lugoba anadai mkewe, muhuri wa nani utasomeka?"

Nikaapa. Akasema kiapo hakina pa kupigwa muhuri. Anataka mashahidi wawili, watu wazima, wa jirani, wanaojua ukweli kwamba ndoa haipo.

Mashahidi nitawatoa wapi? Ukweli nilikuwa naujua peke yangu! Nimewadanganya wote, mmoja mmoja, kwa sahani.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu kila niliyemfuata alinijibu vile vile: "Shoga, mimi najua ulichoniambia wewe." Mwingine akaniuliza kama nimemtorosha mke wa watu nataka kumwoza kwingine.

Siku ya tano tumekaa ofisini kwa Mwinyijuma tunambembeleza, mlango ukafunguliwa. Ashura.

Nilitazama chini.

"Andika jina langu," akamwambia Mwinyijuma. "Mimi najua kwamba huyu binti hajaolewa."

"Umejuaje?"

"Aliniaga kabla hajaenda Bunju. Barua ya mwaliko alinionyesha kwa mkono wake, akaniomba nimwombee dua na nisimwambie mama yake kama najua, maana mama yake atakufa kwa presha."

Nikamgeukia Taghreed. Taghreed akatazama dirishani.

"Nimeificha siri hii miezi mitatu, hata nikawa nakuuliza aliko ili usinishuku," Ashura akaendelea. "Na pilau nililila, Mama Taghreed, huku najua halina bwana harusi. Lilikuwa na chumvi nyingi."

Mwinyijuma alicheka mpaka akainama. Mimi machozi.

"Siku ile ya simu," nikamwambia, "kwa nini hukunizuia?"

"Si nilikwambia mpigie? Ukaniuliza sikio langu linatafuta nini."

Shahidi wa pili aliletwa na Ashura huyo huyo, mumewe. Barua ikapatikana siku ya sita.

Mngependa niwaambie kwamba Taghreed alipanda ndege. Hakupanda. Ombi jipya linahitaji miadi mipya, na miadi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tatu. Wenzake wakaanza mafunzo bila yeye. Shirika wamemwandikia vizuri, wamesema nafasi nyingine itakuwepo mwakani, aombe, hawamhakikishii.

Ameongea na mimi tena baada ya siku nne. Alichosema ni, "Mama, chai imepoa." Nikashukuru Mungu.

Kina mama, mimi sijawaambia husda haipo. Ipo, hata vitabu vya dini vimeitaja. Lakini nilimlinda mtoto na jicho la jirani, kinywa changu nikakiacha wazi bila mlinzi. Siri ya safari mfungie jirani ukitaka, ila mtoto wako mwambie kila uongo unaoutoa kwa jina lake. Na anayepiga simu kwa kazi yake mjibu ukweli, hata kama ni Teddy na si Mzungu, hata kama Ashura anasikia.

Sasa natangaza, na mnaotaka kusambaza sambazeni.

Taghreed binti Yousuf wa Mlingotini hajaolewa. Anaomba viza tena mwezi wa pili. Anakwenda kusomea mwani miezi sita, kisha atarudi kwa mama yake. Mwenye dua alete dua. Mwenye kijicho naye atazame atakavyo, akitaka apande juu ya paa aone vizuri.

Mpaka leo hakuna jicho lililomwangusha mwanangu. Aliyemwangusha ni mimi.