Kucha za Kobe wa Nyanya

Juzi hapa Kiembeni binti yangu alinijia na kikata kucha mkono mmoja, mkono wa pili kambeba kobe wake wa maji. Kobe humparura kila anapomtoa kwenye tangi la kioo, akataka nimshikie ampunguze kucha. Nikamwambia aweke chini hicho chuma kwanza. Mwenzangu, hapo nilikuwa nimesharudi utotoni, kwenye baraza ya nyanya kule Kisauni, Jumamosi alasiri.

Jumamosi ilikuwa siku ya kucha. Jikoni kunanukia muhogo wa nazi, nasi wajukuu tumejipanga mkekani, vidole vimelowekwa maji ya uvuguvugu, tukingoja wembe wa shangazi. Nyanya hakutaka mtu aende kanisani na kucha za kuchimbia mihogo. Kando yetu, ndani ya karai kuukuu, aliogelea kobe ambaye babu alimwokota mtaroni baada ya mvua, mwaka uleule aliofariki. Nyanya alimlisha dagaa kwa mkono wake, na asubuhi alimsalimu yeye kabla yetu.

Jumamosi moja shangazi alikuwa akimbadilishia maji, kobe akamkwaruza. Shangazi na haraka zake, akasema basi na huyu naye ataingia kanisani safi, akapitisha wembe. Ukucha ukakatika karibu kabisa na kidole, damu ikadondoka mkekani. Kobe akaficha kichwa. Shangazi akaanza kulia, maana alijua vyema ni nini alichoachiwa nyanya na babu.

Nyanya hakugomba. Alichota unga wa ngano, akaukandamiza pale kwenye ukucha mpaka damu ikakoma, kisha akamlaza kobe pakavu juu ya kipande cha leso safi, asirudi majini kidonda kikaingia uchafu.

“Ndani ya ukucha wake mna nyama, mwanangu,” alimwambia shangazi. “Kama wako. Ila yeye hana mdomo wa kusema basi.”

Jumapili nyanya hakwenda kanisani. Tuliporudi tulimkuta sakafuni, kobe yuko mapajani mwake, kichwa nje, anatafuna dagaa. Nilifurahi hadi machozi. Baadaye nyanya alitia jiwe la matumbawe ndani ya karai, kobe awe anapanda na kushuka, kucha zijisage zenyewe. Wembe haukumkaribia tena.

Baraza ile imevunjwa, pamesimama ghorofa. Nyanya alipozeeka, mikono yake ikawa inatetemeka, nikawa mimi ndiye namkata kucha. Nikikaribia nyama, alinishika kiganja na kuniambia taratibu, “Hapo basi.” Nimemkumbuka sana.

Kobe wa binti yangu tulimtafutia jiwe lake. Kisha nikamwambia binti alete vidole vyake yeye. Ni mkubwa sasa, akacheka, lakini alileta. Nikakata polepole, mpaka akanishika kiganja.

“Hapo basi, mama,” akasema.