Profesa Alitaka Kuandika Macho

Kama ulitaka usimuliwe na mtu mpole, ungemfuata dada yangu. Yeye ndiye mpole wa nyumba yetu. Mimi bibi yangu aliniita Kiguu na Njia kabla sijamaliza kuota meno, na leo nina miaka arobaini na moja, watoto wa mtaani hawanijui kwa jina jingine. Nikitumwa chumvi nilirudi na kibiriti. Nikitumwa kibiriti nilirudi jioni. Shuleni niliitwa mzembe, kichwa maji, mkaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, waliniambia kila siku, na guu langu zima mpaka leo.

Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani mbili, ya kukanyaga na ya umeme, kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Kwa miaka ishirini nimeshona sare za shule, suruali za makarani, na magauni ya maharusi wanaobadili mawazo siku mbili kabla. Njoo unione nikiwa kazini. Redio inasema, mteja anasema, mimi namjibu mteja na redio, mguu unakanyaga, na mshono umenyooka kama umepigwa rula. Lakini mkasi nautafuta mara kumi kwa siku, na mara tisa naukuta shingoni mwangu, nilipoufunga kwa utepe ili usipotee.

Mwaka juzi shule moja ya ufundi ilinitaka nikafundishe wasichana kushona. Mkuu wake alisema wazi, "Mikono yako tunaijua, mama. Tuletee cheti cha ualimu." Basi nikajiandikisha chuoni, madarasa ya alasiri, nikawa nakaa na vijana ambao sare zao za darasa la kwanza nilizishona mimi.

Masomo yote nilifaulu isipokuwa moja, somo la jinsi mtoto anavyojifunza. Hilo nilifeli mara mbili. Si kwamba sikulijua. Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa watu mia tatu, na mimi ndani ya ukumbi ule nilisikia kila kiti kinacholia, kila kalamu inayoanguka, kila anayekohoa na kila anayemjibu kwa kikohozi chake. Saa tatu zikaisha nimejibu swali moja na nusu. Na sheria ya chuo haina mchezo: ukifeli somo mara ya tatu, unafungasha virago.

Katikati ya hayo nikampeleka binti yangu hospitali. Ana miaka tisa, na mwalimu wake alikuwa amenichosha kwa malalamiko. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akaanza kuuliza. Anaanza kitu na kukiacha? Anapoteza vitu? Unamwita mara nne ndipo asikie, lakini akishika anachokipenda hata nyumba ikiungua habanduki? Nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka machozi yakaanza kunitoka. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "hapa tunamzungumzia nani?"

Nikarudi peke yangu mara tatu. Nikaulizwa, nikapimwa, nikapewa barua. Barua ilisema nina tatizo la umakini, nimezaliwa nalo, si uzembe wala si kiburi. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya lango la hospitali. Nikacheka, halafu nikakasirika. Kumbe! Viboko vyote vile, vya kutosha kujengea uzio, nilikuwa napigwa kwa kuzaliwa! Hasira ile ninayo bado, na sioni haya kuisema.

Kwa barua ile niliruhusiwa kufanyia mtihani kwenye chumba kidogo na kuongezewa saa moja. Ila kulikuwa na fomu. Mwalimu wa somo atie sahihi, kisha fomu ifike ofisi ya mitihani kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa. Fomu ya kwanza niliipoteza. Ya pili niliishona ndani ya bitana ya koti la mteja, na mteja akasafiri nalo. Karani wa mitihani alinipa ya tatu kwa ncha za vidole, kama anayempa mtoto yai. "Hii ndiyo ya mwisho, mama. Nyingine sina." Hapo ilikuwa Alhamisi.

Sasa mwalimu mwenyewe. Wanafunzi tulimwita Nukta. Profesa wa miaka sitini na kitu, suruali yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata nyanya. Kila alipomaliza jambo alisema "Nukta," na ukiuliza swali baada ya hapo ni kama umemtukania mzazi. Mimi hakunipenda, kisa mikono yangu. Darasani nilikaa mbele na nilishona. Nilipinda pindo za sketi, nikatia vifungo, vyote kwa sindano ya mkono. Mikono yangu ikiwa kazini, masikio yanatulia. Ikikaa bure, akili inatorokea dirishani. Yeye aliona dharau tu. Siku moja alisimamisha somo zima, akasema, "Mama, hapa si sokoni." Watu wakacheka. Mimi nikaendelea na kifungo changu.

Alhamisi hiyo dada yangu alipita kazini kwangu akanikuta naizungumzia fomu peke yangu.

"Usimwambie," alisema. "Mwambie una mafua, una mgonjwa, chochote. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukishasema una tatizo la kichwa, nani atakupa wanawe uwafundishe?"

"Mficha uchi hazai," nikamjibu.

"Wewe ulishazaa," akasema.

Mpole, ndiyo, lakini ulimi anao.

Ijumaa saa tisa kasoro nilikuwa napiga hodi ghorofa ya tatu. Ofisi ya Nukta ilikuwa na meza, kabati la chuma, na viti viwili, na kile cha mgeni kilikuwa kimejaa makaratasi. Hakuyaondoa. Nikasimama, mfuko wa kazi begani.

"Profesa, mimi nina tatizo la umakini," nikasema upesi, kabla moyo haujageuka. "Barua ya daktari hii hapa, na fomu hii hapa. Naomba sahihi yako nifanyie mtihani chumba kidogo."

Akasoma barua mpaka chini. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mama, wewe unashona darasani saa mbili nzima hunyanyui kichwa. Halafu unaniambia huna umakini? Umakini unao, ila umeupa sindano, mimi umeninyima. Nukta."

Alaa! Damu ikanichemka. Nikafungua mfuko, nikatoa sketi niliyoipinda kwenye kipindi chake cha Jumatano, nikaitandaza juu ya meza yake, juu ya makaratasi yake yote.

"Anzia hapa," nikasema, kidole kwenye mshono wa ubavuni. "Hapa ulianza na kumbukumbu ya muda mfupi. Ukasema ni kama meza ndogo, ukiweka kitu kipya, cha zamani kinaanguka. Mpaka hapa. Hapa ukaingia kumbukumbu ya muda mrefu. Hapa yule kijana wa nyuma akauliza kwa nini wimbo hausahauliki, ukamjibu kwamba wimbo una marudio na una hisia. Hapa ukatoa tofauti ya kutambua na kukumbuka, na mifano miwili, wa sura na wa jina." Kidole kilikuwa kinatembea kwenye pindo. "Sasa ona hapa uzi ulivyopinda. Unaona? Hapa ulikuwa unatusimulia habari za mbwa wako."

Akainama kuutazama uzi. "Nilisimulia kwa muda gani?"

"Shubiri mbili."

Hakucheka, lakini alivua miwani. Mimi nilikuwa nimeshapanda, kushuka siwezi.

"Profesa, ni wewe uliyetuambia watoto hawajifunzi kwa namna moja. Uliyasema wiki ya kwanza, na maneno hayo ninayo kwenye kola ya shati fulani, basi tu mwenyewe ameshalichukua. Sasa huyo mtoto wa namna nyingine ndiye mimi. Nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu. Au unampenda akiwa kitabuni tu?"

Akaitazama sketi. Nikasikia maji yakidondoka kwenye sinki la chumba cha jirani, mtu akifunga droo, pikipiki huko chini. Mwisho akaivuta fomu, akachukua kalamu, akajaza jina la somo na tarehe. Kalamu ikafika kwenye mstari ulioandikwa Sababu ya Ombi. Ikasimama.

"Nitatia sahihi," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Lakini hapa nitaandika macho. Macho kila mtu anaelewa. Fomu hii inakaa kwenye faili lako, mama, na shule utakayoombea kazi wataomba faili. Wakisoma haya ya kwenye barua watasema, mwalimu gani huyu? Nataka kukusaidia. Tuandike macho, yaishe."

Sikudanganyi, nilitamani. Saa ya ukutani ilisema tisa na nusu. Chumba changu kidogo kilikuwa umbali wa neno moja. Naye alisema kwa wema, hilo nililiona. Ulikuwa wema ule ule wa dada yangu. Na huenda ni kweli, huenda kazi ile ningeikosa kwa sababu ya mstari mmoja.

Ndipo nikamuona binti yangu akiwa na miaka arobaini na moja, amesimama mbele ya meza ya mtu, anajiita mbovu wa macho ili asiitwe mzembe.

"Hapana," nikasema. "Macho yangu mazima. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Profesa, mimi nimeitwa mzembe, nimeitwa kichwa maji, nimeitwa mkaidi, na yote niliitikia. Hili la kwenye barua ndilo jina la kwanza la kweli kupewa, na limenifikia nimeshazeeka nusu. Silibadilishi na la mtu. Andika lile lile. Shule wakinikataa, basi wanikatae mimi, wasimkatae mwanamke mwingine mwenye macho mabovu ambaye hata simjui."

"Utajuta, mama."

"Nitajuta mwenyewe. Andika."

Aliishika kalamu juu ya karatasi kitambo. Kisha akaandika, herufi moja moja, kwa mwandiko wa watu waliosoma zamani: tatizo la umakini. Akatia sahihi. Akapiga muhuri. Nikangoja nisikie nukta, haikuja.

"Hivi kweli ni shubiri mbili?" akauliza badala yake.

"Mbili na vidole vitatu. Nilikustahi."

Nikakunja sketi nikairudisha mfukoni. Nikatafuta mkasi, ulikuwa shingoni. Nikamshukuru, nikaaga, nikatoka kichwa juu. Ngazi nilizishuka kama bibi harusi, huku napanga nitakavyomsimulia dada yangu, neno kwa neno, na pale kwenye "wanikatae mimi" nitanyamaza kidogo ili alie vizuri.

Nilikuwa nimefika ghorofa ya kwanza niliposikia viatu vinakimbia huko juu. Nikatazama. Alikuwa Nukta. Mtu ambaye hata mvua haimkimbizi alikuwa anashuka ngazi mbili mbili, tai imepanda begani, mkono juu.

"Mama! Mama, simama! Fomu! Umeacha fomu mezani!"

Wanafunzi waliokuwa kwenye korido wote wakageuka. Zamani ningeomba ardhi ipasuke inimeze. Safari hii nilisimama pale pale kwenye ngazi nikamngoja. Alifika anahema, jasho limelowesha kola, karatasi ya mwisho ya karani ikipepea mkononi mwake. Saa kumi kasorobo. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Sasa, Profesa," nikamwambia kwa sauti ya kusikika korido nzima, "si nilikuambia?"