Siku Tuliyomzika Mwanasesere

Desemba iliyopita nilikuwa Roseville, hapa Minnesota, kwenye yale maduka makubwa, namtafutia mwanangu viatu vya theluji, tukapita mbele ya duka la televisheni. Zote zilikuwa zinaonyesha kitu kimoja: kizee cha sufu chenye masharubu, kengele mgongoni, kinapanda mlima wa theluji kwa mwendo wa kushtukashtuka. Mwanangu alisimama akatazama kidogo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba kizee kile kinatembea kama mtu anayeumwa. Nilikaa kwenye benchi, yeye akadhani nimechoka.

Labda nawe unaifahamu filamu hiyo, rafiki yangu. Ni ya zamani sana, ya watoto, ya wakati wa Krismasi. Si katuni ya kuchorwa. Ni wanasesere wa kweli waliowekwa mezani. Mtu anasogeza mguu kidogo, anapiga picha, anausogeza tena, anapiga tena, mpaka kizee kinafika kanisani kutundika kengele yake. Enzi zetu televisheni iliionyesha jioni moja tu kwa mwaka. Ukiikosa, umeikosa.

Tulikuwa tunakaa Phillips, mtaa wa Minneapolis, ghorofa ya pili, katika jengo la matofali lenye harufu ya vitunguu vya kila taifa. Baba alifia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla hatujapata safari ya Marekani, kwa hiyo tulikuja wanawake watupu: Bibi, ambaye ni mama yake Baba, na Mama, na mimi, na mdogo wangu. Mama alisafisha vyumba vya hoteli kule Richfield, karibu na uwanja wa ndege, akarudi miguu imemvimba. Bibi alisonga ugali wa muhogo na kupika sombe, yaani kisamvu, ya dukani iliyogandishwa, huku akiisema vibaya, eti majani yaliyolala kwenye barafu hayana akili. Kazi yangu mimi ilikuwa kufua soksi na kumwangalia mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao Wakongo tunauita SS. Ulipomshika, mifupa ilimuuma mpaka akang'ata shuka. Daktari alimtajia Mama mambo mengi ya kuepuka, na la kwanza lilikuwa baridi. Sasa niambie wewe, unaiepukaje baridi Minnesota? Tulimfunga nguo akawa kama furushi, na siku za baridi kali hakwenda hata shule. Ndiyo maana alipenda televisheni, na filamu ile aliipenda kuliko zote. Mwaka wa kwanza walionyesha mwishoni jinsi ilivyotengenezwa, waya ndani ya mikono na pamba juu yake, basi akaanza kushona wanasesere wake kwa soksi zilizopoteza wenzake. Alikuwa na mikono mizuri mno. Mimi mkubwa wake nilishindwa hata kutunga uzi, na alinicheka kwa hilo bila huruma.

Mwaka ninaousema, kabla theluji haijaanza, ilikuja simu kutoka nyumbani Kongo. Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, ameuawa milimani pamoja na wengine. Waliosalimika walikimbia, na hakuna aliyejua mwili uko wapi. Akina mama wa kanisa walikuja, wakashusha magodoro sakafuni, wakaimba, wakapika, wakaondoka. Bibi alichukua kitenge chake cheusi akafunika televisheni. Hilo tulilielewa, maana kwenye matanga hakuna redio wala kicheko. Tatizo ni kwamba matanga huvunjwa mtu akishazikwa, na wa kwetu hakuzikwa. Wiki zikapita, magodoro bado yako sakafuni, Mama anaturuka kwenda kazini, na kitenge kipo palepale.

Desemba ikaingia. Siku ya filamu ikatangazwa, mdogo wangu akaanza kumlilia Bibi.

"Bibi, please, ni siku moja tu. Ikipita ni mpaka next year."

Bibi hakukasirika. Alimvuta karibu, akamfunika miguu.

"Mu hii nyumba muko mutu asiyezikwa, mutoto wangu. Tutacheka namna gani?"

Kwetu kuna njia yake. Mtu akipotelea vitani au majini, ukoo hukata shina la mgomba, hulivika nguo yake, huliita kwa jina lake na kulizika, na hapo matanga huvunjwa. Bibi alimuuliza Mama, kwa dhati kabisa, kama anaweza kupata mgomba Minneapolis. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu ile simu, halafu kicheko kikageuka kilio, akaenda kujifungia bafuni. Ndizi zilikuwepo dukani, tele. Migomba ilibaki huko zilikotoka.

Aliyepata wazo ni mdogo wangu. Alichukua soksi, waya na picha ya baba mdogo iliyokuwa ukutani, akashona. Alipompelekea Bibi yule mwanasesere nilitaka kukimbia, maana nilijua kofi linakuja. Bibi alimpokea, akamgeuza, akampapasa mabega.

"Mabega yake yalikuwa makubwa kupita haya," akasema.

Mdogo wangu akafumua, akaongeza pamba.

Siku zile za kushona nazikumbuka kwa utamu, ingawa najua zilikotupeleka. Bibi, ambaye tangu msiba alikuwa kama amefungwa mdomo, alianza kusema. Alitueleza jinsi baba mdogo alivyoukunja mkono wa kushoto tangu alipovunjika utotoni, jinsi alivyokula ndagala, dagaa wa kwetu, kwa kiganja kama karanga, jinsi alivyokuwa mwongo wa kuchekesha, anayekudanganya na bado unamwomba arudie. Kila alichokumbuka, sindano ilikifuata. Waya ukakunjwa mkononi, foronya ya zamani ikakatwa ikawa shati. Mwishowe Bibi alimpakata, akamwita kwa jina lake, na mimi nikatoka chumbani kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Tulimzika Jumamosi mchana, siku ileile ambayo filamu ingeonyeshwa jioni. Nyuma ya jengo palikuwa na kiwanja kidogo kando ya uzio. Mama alitaka mdogo wangu abaki dirishani. Akagoma.

"Nimemufanya mimi, Mama. Siwezi kumuacha aende peke yake."

"Muache aje," Bibi akasema. "Ni dakika kidogo tu."

Tulimvika kila kilichokuwa kabatini. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchimba ardhi ya Minnesota mwezi wa Desemba. Sepetu liligonga likarudi, kama limegonga saruji. Mama alileta sufuria ya maji ya moto. Yakatoa mvuke, kisha yakaganda. Jirani wa chini, mzee Mmarekani ambaye kila siku alilalamika kwamba tunakanyaga sakafu kwa nguvu, alitoka na mtaimbo. Akamwona mwanasesere, akamwona Bibi, akavua kofia, akaanza kuchimba bila kuuliza kitu. Zile dakika kidogo za Bibi zikala mchana wote. Mdogo wangu alisimama pale mpaka shimo lilipotosha, akamlaza mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua ule mkono unavyokunjwa.

Tuliporudi ndani Bibi alikivuta kitenge kwa mkono wake. Magodoro yakarudi vitandani, Mama akachemsha chai ya maziwa na tangawizi, akakaanga mandazi, na nyumba ikanukia tena kama nyumba ya watu. Filamu ikaanza. Kizee kikapanda na kengele yake, kikateleza, na Bibi akacheka kwa sauti, meno yote nje. Mdogo wangu alikaa katikati yetu, blanketi hadi kidevuni, anatabasamu. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Kengele ilipolia kule kanisani, pale ambapo kila mwaka alipiga makofi, hakupiga. Mama akafunua blanketi. Vidole vilikuwa vimejikunja na kuvimba.

Hospitalini muuguzi alimuuliza maumivu yalianza lini. Akasema tangu kule nje.

"Mbona haukusema?" Mama akamuuliza.

"Mungezima."

Maumivu yalihamia kifuani, mapafu yakashindwa, na kabla ya Krismasi alikuwa amekufa. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Nimejaribu.

Makaburini tulifika mapema mno, mashine ikiwa bado kazini. Ilishusha mkono wake wa chuma, ikaifungua ardhi ya aina ileile tuliyopigana nayo mchana kutwa, na muda si muda kaburi likawa tayari, kingo zake zimenyooka. Bibi aliitazama mpaka ikazimwa.

"Kumbe unachimbika," akasema. "Udongo wa huku unachimbika."

Hakuna aliyemlaumu, si mbele yake wala nyuma yake. Alijilaumu mwenyewe miaka yote aliyobakiza, na ukitaka kumfariji alikutuma jikoni ukamletee kitu asichokihitaji. Kwenye matanga yale televisheni ilifunikwa tena, safari hii na Mama, na ilipofunuliwa hakuna aliyeiwasha mpaka majira yalipobadilika.

Phillips siku hizi napita mara chache. Jengo lipo, limepakwa rangi nyingine, na harufu ya vitunguu sijui kama ipo, sijawahi kushuka kwenye gari. Kile kiwanja cha nyuma kimewekwa lami, watu wanaegesha magari juu ya baba mdogo. Bibi amelazwa karibu na mjukuu wake. Mama amehamia Richfield, Desemba hakaangi mandazi, nami simuulizi.

Pale Roseville mwanangu alinivuta mkono. Akasema twende zetu, filamu yenyewe ipo kwenye simu, tutaitazama nyumbani saa yoyote. Ni kweli, ipo, hata Julai ukitaka. Watu wa rika langu hupenda kulalamika kwamba watoto wa sasa hawajui kungojea kitu. Mimi silalamiki. Laiti filamu ile isingekuwa na siku yake moja, tungeacha theluji iyeyuke kwanza. Tungemzika baba mdogo mwezi wa tano, udongo umelainika, na mdogo wangu angesimama pale amevaa kandambili.