Mvua Isiyotajwa kwa Mdomo

Amekufa mwalimu mwenzangu wa zamani kule Nyabiyonza, na nasikia mvua iliwatimua waombolezaji kabla mchungaji hajamaliza kumsifu. Afadhali. Mahubiri yale yangemfanya malaika, na mimi niliishi naye nyumba moja ya walimu miaka ya hamsini: alikuwa mbishi, akikoroma mpaka kanisani, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakuiacha ilale. Lakini kufundisha alijua, na kifo chake kimeniuma.

Alisimika kipimo cha mvua uwanjani, akawafundisha watoto kusoma maji kila asubuhi na kuandika walichokiona. Mwaka huo mvua ikachelewa, migomba ikanyauka, wazazi wakaja kuking'oa wakiongozwa na baba yake mzazi, mfugaji. Kwa wafugaji wa kwetu ng'ombe hahesabiwi. Ukimhesabu, zizi linapungua. Na mwanawe alikuwa anaihesabu mvua, tena mbele ya watoto!

"Shikamoo, taata," akasema mwenzangu. "Ng'ombe humhesabu, lakini jioni asiyerudi unamjua. Unamjuaje?"

"Si nawaangalia!"

"Nami naiangalia mvua."

Mzee akatafuna buni yake taratibu. "Haya, iangalie. Ila namba isitajwe kwa mdomo. Ikitajwa tu, tunang'oa."

Wakapatana hivyo. Watoto wakawa wanaandika kwenye vibao vyao, midomo imefungwa, na mvua iliporudi wakaipima kimyakimya. Ndipo akaja mkaguzi kutoka Bukoba. Wazazi walikuwa wamejaa nyuma ya darasa, na mwenzangu alikuwa anatarajia kupewa ukuu wa shule.

"Jana mvua ilinyesha kiasi gani?" akauliza mkaguzi. Watoto wakashika vibao. "Wekeni chini! Nijibuni kwa mdomo!" Kimya. Mwenzangu akatazama dari kama mtu anayetafuta panya. Mkaguzi akatangaza kwamba darasa lile halijafundishwa kitu.

Jioni nilimfokea. "Si ungemruhusu mtoto mmoja tu ajibu?"

"Ajibu, halafu kesho kipimo kiwe kopo la rubisi?"

Siku hizi kila darasa lina mgeni rasmi, na watoto hukariri majibu ya kumfurahisha. Ukuu ule wakanipa mimi, nisiyeweza hata kukisoma kile kipimo, na watoto wake wakaendelea kupima. Anayetaka watoto wajue, akubali yeye kuonekana hajafundisha.