Idi hataki tena kunishika mkono

Leo, mbele ya wanafunzi wetu wote, mwenzangu wa dansi amekataa kunishika mkono.

Wengi mnamjua Idi. Tumecheza dansi ya ukumbini pamoja tangu ujana wetu hapa Bagamoyo, na sasa tunafundisha. Jumamosi tuna onyesho nililolitunga mwenyewe.

Muziki ukaanza, nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma.

"Zuhura, nisamehe. Mke wangu ameona video zetu. Hakugomba, amelia tu. Siwezi tena."



Nilitaka kumfokea. Nikamwona naye macho yamejaa machozi.

Nikasema, "Basi tucheze bila kugusana. Nifuate kwa macho."

Tukacheza mpaka mwisho, tukizungukana karibu karibu, mikono hewani. Wanafunzi wakasimama wakapiga makofi. Na kweli imependeza kuliko nilivyoitunga, kwa hiyo Jumamosi tutaicheza hivyo hivyo.

Mimi nikaenda chooni kulia.

Sasa hivi mkewe kanipigia, Idi kamsimulia yote. "Ahsante sana, wifi yangu. Umeniheshimu."

Nimemjibu, "Usijali, wifi, wala haijaniuma."

Nimemdanganya. Nyinyi mngemwambia nini?